Mvua ya Mwezi wa Saba

Kila asubuhi Ève alifagia uwanja wao, kisha akaendelea hadi mlangoni kwa jirani yao, Mama Phébé, kwa kuwa nyumba zao hazikutenganishwa na ua. Siku hiyo alifagia mbiombio. Mwalimu Florent alikuwa amewaagiza wanafunzi waandike hadithi ya kweli kuhusu mtu mwema. Kesho yake, siku ya kufunga shule, wazazi wangekuja kuzisikiliza. Ève alikuwa ameandika kumhusu Mama Phébé.

Mwezi wa saba wa mwaka uliopita, Ève na mama yake walipokuwa safarini Kabongo, mdogo wake Seth alishikwa na malaria kali. Bibi yao hakuweza kutembea mbali, hivyo Mama Phébé ndiye aliyemfikisha mtoto kwenye kituo cha afya. Ève alijua hayo tu. Mengine aliyajaza mwenyewe: radi, mvua kubwa, mto uliofurika.

Alipoisoma darasani, mwanafunzi mwenzake Kabange alimdakia.

"Mvua ya mwezi wa saba, uliiagiza wapi?"

Darasa zima likacheka. Hapa Kamina kila mtu anajua kuwa mwezi huo ni vumbi tupu.

Mwalimu Florent hakucheka. Alimwambia Ève kwamba anajua kumfanya msomaji aone tukio kwa macho yake, ila ametia chumvi.

"Mwandishi wa hadithi ya kubuni huumba tukio," alisema. "Wa hadithi ya kweli hulitafuta. Nenda kamuulize mwenyewe."

Ève angeweza kuomba jina lake liondolewe kwenye orodha ya wasomaji. Hakuomba.

Alasiri alimkuta Mama Phébé akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, akamsomea yote. Mama huyo alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Huyu mama ni hodari kweli. Lakini si mimi, mutoto wangu. Toa jina langu."

Maneno hayo yalimuuma Ève kuliko kicheko cha darasa. Hata hivyo hakuondoka. Alichukua mchi wa pili, wakawa wanatwanga kwa zamu. Hakuuliza tena kuhusu uhodari. Aliuliza siku hiyo Mama Phébé alivaa nini, alipitia wapi, na Seth alisema nini.

Mama Phébé akasimulia kwamba alitoka mbio na kitenge kimoja tu, kile alichovaa. Seth hakuwa na nguvu hata za kumshika shingo. Basi alikivua, akamfunga mtoto mgongoni, akakatiza sokoni akiwa na sketi ya ndani. Wauza samaki walicheka hadi wakashika mbavu.

"Seth akaniuliza, 'Mama Phébé, bantu wanacheka nini?' Nikamwambia, wanafurahi kukuona."

Mchi wa Ève ulisimama hewani.

"Naweza kuliandika hilo, Mama?"

Mama Phébé alifikiri, akakung'uta majani yaliyonata kwenye mchi wake.

"Andika. Ila useme sketi ilikuwa safi."

Ève alikaa palepale kwenye kibaraza. Akaifuta mvua, akaufuta mto, akaandika upya kabla jua halijazama.

Siku ya kufunga shule aliisoma mbele ya wazazi wote. Alipofika kwenye tukio la sokoni wazazi walicheka, na Mama Phébé, aliyekaa katikati yao, akainamisha uso. Lakini Ève aliposoma swali la Seth na jibu alilopewa, kicheko kilikatika. Mama yake Ève, ambaye habari hiyo hakuwahi kuisikia, aliinuka, akaenda kumshika mkono jirani yake. Kabange naye akaanza kupiga makofi kabla ya wenzake.

Makofi yalipotulia, Mwalimu Florent aliwageukia wanafunzi.

"Yule mama wa kwenye mvua angeweza kuwa mtu yeyote," alisema. "Mwenye sketi safi ni Mama Phébé wetu peke yake. Ukiandika maisha ya mtu, nenda kwake, muulize, msikilize, tena mwombe ruhusa. Usimwongezee wema wa uongo, maana utaufunika ule alioutenda kweli."