Asiya na Kamusi Tatu

Kila asubuhi Asiya hufungua kiduka chake cha kuchapa barua, pale mtaani Nyakabiga. Watu huja na maneno kichwani, wakaondoka na karatasi mkononi. Kifaransa anakiweza. Kirundi ni cha kila siku. Kiswahili amekikuta nyumbani kwao, hata hakumbuki alijifunza lini.

Lakini wiki hii Kiswahili kilimtoa jasho. Anselme, mfanyabiashara wa vyombo vya kuchuja maji, alimletea chombo kipya pamoja na maelezo yake kwa Kifaransa.

"Uniandikie kwa Kiswahili," alisema. "Wateja wangu wako hapa, Uvira na Kigoma. Nikiipenda kazi yako siku ya Ijumaa, karatasi zangu zote za mwaka huu utaandika wewe."

Asiya aliitaka kazi hiyo mno. Basi akatafuta kamusi, na hapo ndipo balaa ilipoanza. Nyumbani kulikuwa na kamusi nene ya marehemu baba yake. Ilivikwa nailoni, na hakuna aliyeigusa bila kunawa mikono. Mteja mmoja akamwambia anunue ile ndogo ya sokoni. Shemeji yake akamwekea nyingine kwenye simu.

Akatafuta jina la kile kitu cha kufungulia maji. Ya baba ikasema bilula. Ya sokoni ikasema mfereji. Ya simu ikasema bomba. Kichwa kikamzunguka. Nani mkweli? Je, amkane baba yake? Ili asimkosee yeyote, akayatumia yote matatu.

Alhamisi, mumewe Rachid, fundi wa magari, alikaa na chombo kipya na ile karatasi. Akasoma, akakigeuza chombo. Akakigeuza tena.

"Mama Houda," alimwita mkewe, "bomba nimeiona. Bilula iko wapi? Na mufereji? Hii chombo imekosa vipande mbili!"

Asiya alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Akabeba kamusi zake zote hadi kwa jirani yao Mathilde, ambaye alisahihisha vitabu kwenye kiwanda cha uchapaji miaka mingi kabla ya kustaafu.

"Mama Mathilde, niambiye tu, nzuri ni gani? Mi nimechoka."

"Nzuri kwa kazi gani? Nani atasoma?"

"Watu wa kawaida tu. Wa hapa, wa Uvira, wa Kigoma."

"Basi uanze na wao." Mathilde akafungua kurasa za mwanzo za kamusi ya baba. "Ona mwaka. Imechapwa mbele we uzaliwe. Maneno mingi ya leo haina." Akachukua ya sokoni. "Hii inatoa neno tu, bila mufano. Utajuwa namna gani kulitumia?"

"Na ya simu?"

"Uipime mwenyewe. Chagua maneno tano ya kazi yako, yale unayajuwa muzuri. Uyatafute mu kila kamusi. Ile itasema kweli kwa yale unajuwa, hiyo njo utaiamini kwa yale haujuwi."

Wakapima. Ya baba ilipata mawili. Ya sokoni ilipata matatu. Ya simu ilipata yote, na kila neno lilikuwa na mfano wake. Waliotunga walijitaja, na mwaka ulikuwa wa karibuni.

Asiya bado alikuwa njia panda. "Sasa ya baba niitupe?"

"Apana! Nani amesema kutupa? Ukikutana na neno la zamani, utamuuliza baba. Lakini kwa kazi, moja ikuongoze. Neno ukishalichagua, liandike mu daftari, ulitumiye hilo hilo mpaka mwisho. Kisha mupe mutu asome mbele yako, we unyamaze."

Asiya akarudi akaandika upya. Bomba, bomba, bomba. Alihisi aibu, kana kwamba amekosa maneno. Hata hivyo hakubadilisha.

Ijumaa asubuhi Rachid alisoma tena. Hakuuliza kitu. Akamimina maji, akangoja, akafungua, akanywa.

"Umeelewa?" Asiya alishindwa kunyamaza.

"Si nimeshakunywa?"

Anselme naye aliisoma mara moja. Alikuwa na swali moja tu: karatasi ya pili Asiya ataianza lini?

Kamusi ya baba ilirudi mahali pake, ndani ya nailoni yake. Pembeni yake liliwekwa daftari, na ukurasa wa kwanza una neno moja: bomba. Siku hizi Asiya hunawa mikono kabla ya kuligusa daftari pia.