Kutu ya Vidole Vyembamba

Asubuhi ile ya Januari bastola ilikuwa na joto kama yai lililotoka sasa hivi chini ya kuku.

Verna aliigusa bila kukusudia, anapangusa vumbi tu. Chumba kile cha nyuma hakina jiko, dirisha lilikuwa limeganda barafu nje na ndani, na bastola nyingine zote kabatini, ndogondogo za kutoshea kiganjani, zilikuwa baridi ya kunata ngozi. Hii peke yake ina joto. Akauvuta mkono, akaunusa. Poda ya uso! Ile ya kizamani yenye harufu ya urujuani, waliyokuwa wakijipaka mabibi wa bonde lao la Oley wakienda kanisani.

"Lamar! Hii bastola yako mpya uliiweka jikoni ikapate moto?"

"Usimguse huyo," mumewe akajibu kutoka mezani, mdomo umejaa mkate wa viazi. "Mikono yako ina chumvi."

"Huyo nani?"

"Bastola, mama. Nani tena?"

Lamar Schlegel alikuwa fundi mabomba mstaafu, pande la mtu, na kipenzi chake kilikuwa vibastola vya zamani, vile ambavyo mabwana walitia kwenye mfuko wa kizibao na mabibi kwenye mkoba. Wenzake wa klabu ya shabaha walimtania kila Jumamosi kule kwenye machimbo ya mawe: "Mwili wa tembo, silaha ya kunguni!" Naye alicheka hadi tumbo likatikisika.

Hiki cha sasa alikinunua kwenye mnada wa shamba la mwanamke aliyekufa bila mume. Mpini wake wa gamba la chaza, mtutu mfupi kama kidole cha mtoto. Weusi wa chuma ulikuwa umelika kwenye kingo, ukabaki mng'ao wa fedha, umelika palepale mkono mmoja ulipokishika miaka nenda miaka rudi. Mtu mwingine angeona kimechakaa. Lamar alikaa nacho jioni nzima na kitambaa cha hariri.

"Ona hapa, Verna. Hapa ndipo kidole gumba chake kilipokaa. Hapa mkoba ulisugua. Haya ndiyo maisha yake. Ukiyafuta haya, umemuua."

Verna alikuwa amesimama na sahani ya supu ya kuku na mahindi, inapoa. Miaka thelathini ya ndoa, na Lamar hajawahi hata siku moja kuigeuza mikono ya mkewe aone ilikolika. Wivu ukamkaa kooni kama mwiba wa samaki, hautoki wala haumezeki.

Jumamosi akafuatana naye kwenye machimbo. Walipanga viazi juu ya ubao, karibu tu, kwa sababu bastola hizi si za masafa. Kilengeo chake ni kama punje ya mtama, na mpini ni mfupi, kidole cha mwisho kinaning'inia hewani. Lamar, ambaye siku zote hukosa zaidi ya kupata, alivipasua viazi kimoja baada ya kingine.

"Mzee, leo umekula nini?" wenzake wakapiga kelele.

"Si mimi. Ni huyu," akasema, na akakibusu kile chuma mbele za watu.

"Nipe na mimi," Verna akasema.

Lamar akasita kama mtu aliyeombwa mswaki wake. Mwisho akampa. Verna akakishika kwa mkono wa kulia, akavuta. Kikalia pap! na mgongo wa bastola ukarudi nyuma ukamng'ata, kati ya kidole gumba na cha shahada, ngozi ikachanika.

"Umeshika juu mno," Lamar akasema. Akakichukua, akafuta damu kwenye chuma kwanza. Chuma kwanza, jamani! Halafu ndipo akauliza, "Umeumia?"

Na Verna, masikio yake yameziba kwa vile vizibo vya kuzuia mlio, akasikia kicheko cha mwanamke, kile cha puani, karibu kabisa na shavu lake.

Baada ya hapo ikaja kutu. Bastola zote za Lamar, ambazo alizipaka mafuta kuliko mama anavyompaka mwanawe, zikaamka na madoa mekundu. Na hayakuwa madoa ya hivi hivi. Yalikuwa alama za vidole, mistari yake yote inaonekana. Wenye bastola za zamani wanaijua dhambi hii: ukishika chuma kwa jasho na usifute, kidole chako kitaandikwa kwa kutu.

"Nimekwambia mara ngapi, mama!" Lamar akanguruma. "Mikono yako!"

Verna akaifungua mikono yake. Mipana, ya mtu aliyekamua ng'ombe tangu usichana. Akaweka kidole juu ya alama moja, kikaifunika kama mfuniko wa sufuria juu ya kikombe.

"Hivi ni vidole vyangu hivi, baba?"

Lamar akainama, akatazama. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Hapendi wenzake." Na akatabasamu. Tabasamu lile lilimtisha Verna kuliko kutu yenyewe.

Alama zikatoka kabatini. Zikaingia kwenye mkasi wa Verna, kwenye chuma chake cha kuokea keki, kwenye fremu ya bati ya picha ya harusi, upande wake tu, upande wa bwana harusi ni safi unang'aa. Na jioni moja alipokuwa akimenya tofaa alimsikia Lamar akiongea kule chumba cha nyuma, anasema neno, ananyamaza kiasi cha mtu kujibiwa, anacheka, anasema tena, na Verna akaenda taratibu akishika ukuta, harufu ya urujuani inamjia nzito hadi anaionja ulimini, akachungulia penye ufa wa mlango, akamwona mumewe kakaa na kitambaa cha hariri gotini, na mbele yake kiti kitupu, na mto wa kile kiti umebonyea, na ukiwa bado umebonyea ukajigeuza polepole kuelekea mlangoni.

Lamar alipokwenda kung'oa jino, Verna alikitia kile kibastola kwenye soksi akampelekea Clair Haas, fundi bunduki.

"Isugue yote. Itie weusi upya, ing'ae kama ya dukani."

Clair akakigeuza mkononi. "Dada Verna, u mzima kweli? Nikisugua hiki, mumeo atavaa nguo za msiba. Hata mpumbavu hafanyi hivyo."

"Basi mimi ndiye mpumbavu wako wa kwanza. Sugua."

Akasugua. Ile fedha ya kingo, pale kidole gumba kilipokaa, pale mkoba uliposugua, vyote vikaisha kwenye gurudumu la kusugulia. Kisha akavitumbukiza vyuma kwenye dawa inayochemka. Vikalia filimbi nyembamba, ndefu, na mvuke ukapanda na harufu ya poda.

"Maji tu hayo," Clair akasema, lakini alirudi nyuma. Verna kovu lake la mkononi likamwasha. Akalikuna huku anacheka.

Lamar alipokiona kimekuwa cheusi ti, hakugomba. Alikaa chini akalia. "Umeninyang'anya," akasema. Akakirudisha kabatini na hakukitazama tena.

Kutu ikakoma. Harufu ikaondoka. Verna akaimba akiosha vyombo.

Halafu asubuhi moja, anamimina kahawa, Lamar akaushika mkono wake wa kulia. Akaugeuza. Pale palipong'atwa, ngozi ilikuwa laini, ina mng'ao wa fedha. Akapasugua kwa kidole gumba, taratibu.

"Mzuri hivi," akasema, "na mimi nilikuwa wapi?"

Moyo wa Verna ukaruka kama wa binti. Akawa anashikwa mkono kanisani. Akaletewa maua. Wanawake wakamvuta kando: "Verna, umemlisha nini huyo mzee? Tugawie!" Naye akajibu, "Supu tu." Lakini kila kijiko alichokishika kwa mkono wa kulia kilibaki na alama nyekundu, nyembamba. Mkono wenyewe ulikuwa na joto, huku wa kushoto ukiganda. Na ulikuwa umepungua upana. Glavu yake ya zamani ilipwaya upande mmoja.

Akaomba apelekwe kilimani kwa bibi Mamie Kistler, mganga anayenong'onea vidonda vya moto vikapoa. Lamar aliendesha, akabaki garini.

Mamie akaushika ule mkono, akaunusa, akafumba macho.

"Huyu hakukaa kwenye chuma, mwanangu. Alikaa pale palipolika. Ulipomvua ngozi akatafuta mlango, na mlango ulikuwa nao mkononi."

"Mtoe, bibi. Leo hii."

"Namtoa. Uzi mwekundu na maneno machache, anakwenda. Lakini sikia: atakwenda na vyake. Vyote alivyokuja navyo."

"Amekuja na nini?"

Mamie akageuka. Alitazama dirishani. Kule nje Lamar alikuwa ameshuka garini, anafuta theluji kwenye kioo cha upande wa mkewe, anapuliza vidole vyake, anafuta tena. Alipowaona akapunga mkono kama kijana anayeposa.

Verna akatazama muda mrefu. Halafu akauvuta mkono wake.

"Ngoja kwanza, bibi."

"Nikingoja, atapanda. Kiwiko, kisha bega. Na akifika moyoni, sina uzi wa kufika huko."

"Nitakuja baada ya Pasaka."

Mamie akauviringa uzi wake. "Wote walioniambia baada ya Pasaka, sijamwona hata mmoja."

Garini Lamar alikuwa ameshawasha joto. "Nipe mkono, mpenzi."

Ndipo wivu ulipomshika Verna upya, mkali kuliko wa kwanza. Akampa wa kushoto, wake mwenyewe, mpana, wenye pete ya ndoa.

Lamar akaupokea kwa adabu. Akaubusu kama mtu anavyombusu shangazi msibani, akaurudisha polepole mapajani kwa mwenyewe. Kisha akakifungua kiganja chake tena, akangoja.

"Ule mwingine," akasema.