Wavuvi wa Mbalamwezi

"Mgebuka ameponyoka."

Simu ikakatika.

Kasongo alikanyaga mafuta. Land Cruiser iliruka tuta la Mwanga, wauza nyanya wakatawanyika kwa matusi, ikashika barabara ya Ujiji. Fumbo hilo la samaki kutoka kwa Bi Shadia, mkuu wake wa idara ya usalama kule Dodoma, lilikuwa na maana moja tu: kituo cha utafiti cha Rusimbi kimevamiwa.

Kwa nje kilikuwa nyumba ya kawaida. Ndani, Daktari Yunisi alizifundisha kompyuta kusoma vinasaba vya familia za mwambao, akiusaka ugonjwa unaoua mishipa inayoendesha misuli. Mtu huanza kwa kuangusha kijiko. Kisha hatembei, hasemi, na mwisho hapumui, huku akili yake nzima ikishuhudia yote. Njia ya dawa ilikuwa imeanza kuonekana, na kampuni moja ya ng'ambo iliitaka peke yake.

Alipofika alikuta mlinzi Bariki amechinjwa getini. Daktari walikuwa wamemchukua. Diski walikuwa wamezing'oa zote.

Kasongo alirudi garini, akashika usukani kwa mkono wa kushoto. Gumba lake la kulia lilikuwa likirukaruka lenyewe tangu Ramadhani. Ndivyo ugonjwa ulivyomwanza kaka yake Yassir, aliyemzika mwaka juzi. Vipimo vya Kasongo mwenyewe vilikuwa ndani ya diski zile, bila jina. Zikipotea, na yeye amekwisha. Aliogopa, tena sana, na hakuwa amemwambia mtu.

Redio ikakoroma. Alikuwa Gervasi wa polisi wa majini, kijana wa Kibondo aliyelijua ziwa kwa ramani tu.

"Bandari ya Kibirizi tumefunga, afande. Haitoki hata boti moja."

"Na ufuko wa Katonga?"

"Kule wavuvi tu. Wanapakia taa waende dagaa."

"Leo mwezi mpevu, Gervasi! Nani anavua dagaa na mbalamwezi? Taa hazivuti kitu!"



"Mama yangu!" alisema Gervasi.

Katonga mitumbwi yote ilikuwa imepandishwa mchangani, nyavu zimeanikwa, wenyewe wanacheza drafti. Mmoja tu ulikuwa majini, taa zimefungwa, injini ya Yamaha inanguruma. Ndani yake wanaume wawili waliovaa makoti mapya ya mvua ambayo hayajawahi kunusa samaki.

"Mwidiwe!" Kasongo aliwasalimia kwa Kiha, lugha ya wenyeji, akiingia majini na suruali yake.

Hakuna aliyeitika. Mmoja akaingiza mkono kotini.

Kasongo alimpiga risasi ya koo.

Mwenzake akatia gia, mtumbwi ukachomoka. Alijitupa ndani yake, na hapo gumba likakataa. Bastola yake ikamponyoka. Wa pili alimshukia na panga, likamchana bega. Kasongo alimkumba kiunoni, akamgonga kichwa kwenye chuma cha taa, akamgonga tena, mpaka yule mtu akalegea na damu ikamtoka masikioni. Akamsukumia majini.

Aliipapasa bastola sakafuni. Aliishika kwa kushoto.

Turubai lililofunika upande wa mbele likafunuka. Alitoka Voss, mzungu aliyetumwa na kampuni ile. Bastola yake ilikuwa kisogoni kwa Daktari Yunisi. Mkono wa pili ulining'iniza mfuko wa diski juu ya maji.

"Chagua," alisema kwa Kiswahili cha darasani. "Daktari au diski."

Ufuko ulikuwa mbali sasa. Chini yao ziwa lilikuwa jeusi kwa kina. Kasongo aliutazama mfuko, akayaona macho ya Yassir siku ya mwisho. Roho ilimuuma kama jino.

Kisha akafyatua. Mkono ule wa kushoto alikuwa ameuzoesha kwa siri kwenye vichaka vya Simbo.

Risasi ilipita jichoni. Voss alianguka nyuma na mfuko wake, ziwa likameza mtu na diski zake.

Kasongo aligeuza mtumbwi. Walipokaribia mchanga ndipo alipomgeukia Yunisi.

"Zimekwenda, daktari."

"Ziende!" Yunisi alifungua fundo kwenye pindo la khanga aliyojifunga juu ya suruali. Ndani mlikuwa na kadi ndogo ya kumbukumbu. "Umeme wa mji huu umeshakatika na kunipotezea kazi mpaka nikakoma. Kila jioni nanakili kila kitu humu. Wamenipekua mifuko, wamenivua viatu. Khanga hawakuigusa!"

Kasongo alishindwa kujizuia, akacheka na machozi yakamtoka. Daktari alikuwa akilitazama gumba lake.

"Ile damu isiyo na jina," alisema taratibu. "Ni yako?"

"Ni yangu."

"Njoo kesho asubuhi. Usinywe chai."

Kasongo aliruka mchangani, akachomeka bastola upande wa kushoto. Wacheza drafti bado walikuwa wamelala kifudifudi tangu risasi ya kwanza.

"Amkeni, wazee wangu. Zamu ya nani?"

Akaelekea kwenye gari, damu ikimchuruzika begani.

"Daktari," alisema bila kugeuka, "umeme ukikatika leo, nipigie. Jenereta nitakuletea mgongoni."