Miti Aliyoifuta Magloire

Ua lilikaa wiki nzima limebanwa kati ya magazeti, na bado lilikuwa bichi. Mtu mwenye akili angeogopa. Magloire, daktari wa mimea wa Shituru, alisema ni unyevu.

Alilitoa Kambove, kwenye kilima cha shaba, palepale wachimbaji humwagia unga jini mwenye kilima na kumwomba ruhusa kabla ya kupiga sururu. Walimsihi naye aombe. Aliwacheka, akaukanyaga unga kwa viatu vyake vya Ulaya, akaling'oa ua na mizizi yake. Kiburi chake kingetosha mtaa mzima, na kingebaki.

Alitaka kujua ua lile liliachana lini na jamaa zake. Kutokana na chembe za urithi za ua, kompyuta ilimchorea miti ya ukoo elfu moja, kila mti na makisio yake. Kisha programu aliyoiandika ikasoma umri wa kifundo, yaani pale tawi la ua lilipotengana na tawi jirani. Miti mingi ilisema miaka milioni mbili. Michache ilisema miaka sita.

Mtafiti mwaminifu huiacha miti yote iseme, hata inayomuudhi. Magloire alitaka namba safi ya kujivunia mbele ya wakubwa. Akaifuta ile ya miaka sita. Laure, binti yake wa pekee, alikuwa na miaka sita, na baba mtu hata hakushtuka.

Jioni nyumba ikanuka udongo mbichi. Joëlle, mkewe, alinusa mapazia, akanusa sufuria, mwisho akanusa nywele za mtoto.

"Magloire," alinong'ona, "mutoto iko nanuka bulongo. Na kwa photo ya batizo, uso yake haiko tena."

"Photo ya bei chini. Umunaweshe mutoto, basi."

Aliporudia hesabu, miti ya miaka sita ilikuwa imeongezeka. Akafuta tena, huku akisonya. Laure akaja mlangoni, sauti yake imekuwa nyembamba.

"Papa, kuko mama moja nyuma ya kabati. Anasema ile miti ya miaka yangu, weye unamupatia."

Joëlle akakimbia kumwita Mwalimu Assumani, jirani yao muuza vitambaa, ambaye watu humwita kuwasomea wagonjwa dua. Assumani alisoma hadi jasho likamtoka, kisha akalitazama lile ua mezani, akashusha sauti.

"Docteur, rudisha ile ua kwa mwenyewe. Na usifute tena. Kila muti unafuta, jini anaokota."

"Mwalimu, ni erreur ya calcul tu, hesabu imekosea! Weye unajua nini?"

Akamfukuza mzee wa watu, akaketi, na nyuma ya kabati kitu kikaanza kukwaruza, polepole, halafu kwa haraka, na harufu ya udongo ikajaa hadi kooni, na Joëlle akamkumbatia Laure huku akilia na kumwomba mumewe aache, aache tu, namba ni kitu gani, na Magloire, ambaye hata yeye sasa alikuwa anaogopa ila aliona aibu kushindwa na fundi wa dua, akaichagua miti yote ya miaka sita iliyobaki, akafuta.

Kukawa kimya. Harufu ikaisha.

"Laure?" aliita.

Joëlle alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono yake imekunjwa kifuani, haina kitu.

"Laure ni nani?" aliuliza. "Magloire, weye unajua minye sijazala hata siku moja."

Kwenye kompyuta kifundo kilisoma miaka milioni mbili, namba safi kabisa. Magloire alilia kwa sauti. Kisha, mpumbavu yule, akaihifadhi namba.