Sakafu ya Gari la Assani

Kila Alhamisi Assani hupakia watu na mihogo Pangi, akawaleta sokoni Kasuku, mjini Kindu. Gari lake ni kuukuu, lakini hakubali kuliuza.

Lilikuwa la ndugu yake, Bulaimu. Wakati wa vita Bulaimu alilitoa magurudumu, akalifunika kwa matawi msituni. Watu wenye bunduki walimtaka aseme liko wapi. Hakusema, na hakurudi nyumbani tena. Gari lilikaa kwenye unyevu miaka minne kabla Assani hajalipata. Kutu ikala sakafu.

Siku moja ya mvua, madirisha yakiwa yamefungwa, Nuru, mke wa Assani, alisafiri naye. Njiani alinyamaza. Assani alipomtazama, kichwa kilikuwa kimelala kwenye kioo. Alisimamisha gari, akamtoa nje penye hewa. Nuru alitapika, akafumbua macho.

"Kichwa kinaniuma," alisema. "Nilisikia usingizi tu."

Assani aliinua mpira wa sakafuni. Pale miguu ya mkewe ilipokuwa, aliona barabara kupitia matundu ya kutu.

Pikipiki ilimpeleka Nuru hospitali, akatibiwa. Assani aliendesha taratibu, madirisha wazi, hadi kwa Élisabeth, fundi wa magari.

"Bomba la moshi limepasuka," Élisabeth alisema. "Moshi unaingia kwa matundu haya. Papa Assani, moshi huu unaua muntu."

"Basi chomelea leo!"

Élisabeth aligonga sakafu kwa nyundo. Vipande vikaanguka. "Bati iko nyembamba. Moto utaitoboa zaidi. Na mupira wa kupeleka mafuta kwa injini unapita hapa. Cheche moja inatosha kuwasha gari. Tutabandika bati mupya kwa kole."

"Kole? Kole njo gundi ya viatu! Ndugu yangu alikufa sababu ya gari hii!"

Élisabeth hakucheka. "Hii njo gundi ya chuma, Papa. Lakini juu ya kutu haishiki. Lazima tukate yote iliyooza."

Assani aligusa ukingo wa sakafu iliyooza. Tangu Bulaimu apotee, hakuwahi kuruhusu hata kipande kitolewe.

"Nuru angekufa," alisema mwishowe. "Kata."

Kwanza Élisabeth alibadilisha bomba la moshi. Kisha akakata kutu kwa mkasi wa bati, akasugua kingo kwa msasa hadi chuma king'ae. Alifuta mafuta na vumbi, akaacha pakauke. Alivaa glavu, akachanganya gundi ya mikebe miwili kama karatasi yake ya maelezo ilivyoagiza. Aliipaka, akaweka bati lililozidi tundu kwa vidole vitatu kila upande, akalikaza kwa riveti, vipini vya chuma vya kubana bati.

"Usiliguse hadi kesho. Halafu tutapaka rangi chini, kutu isirudi."

"Na shasi, chuma kinachobeba gari, ikipasuka, tutabandika pia?"

"Hapana! Gundi ni ya bati ya sakafu tu. Shasi, na pale viti vinafungwa, ni kazi ya muchomeleaji anayejua, na mafuta yatolewe kwanza."

Alhamisi iliyofuata mvua ilinyesha toka Pangi hadi Kindu. Abiria walishuka Kasuku wakizungumza, miguu mikavu. Hakuna aliyeshika kichwa.

Assani hakupumzika. Alimwendea Désiré, dereva aliyeegesha karibu.

"Inua mpira wako wa sakafuni, tuone sakafu."

Désiré alicheka. "Gari yangu iko muzuri, mukubwa."

Assani hakucheka. "Inua."

Désiré akainama, akauinua. Kupitia matundu ya kutu, wote wawili waliona ardhi.