Waya wa Klachi na Daktari wa Meno

Gari jekundu la viti viwili lilizimika katikati ya njia panda saa sita mchana, soko limefurika, na kila mwenye honi akaipiga. Dereva alishuka: kijana mrefu, suti ya rangi ya maziwa, viatu vinang'aa, uso wa mtu aliyetukanwa na watu mia kwa mpigo.

Fundi mmoja wa kike alikuwa anavuka barabara na mfuko wa nyanya, ovaroli la buluu mwilini, kitambaa cha njano kichwani. Kwa miaka tisa ya gereji hakuwahi kupita gari bovu bila kusimama.

"Pedali ya klachi imelala, siyo?"

"Imelala kabisa! Umejuaje?"

"Unavyoitazama sakafu. Waya umekatika. Ingia, tia gia ya kwanza injini ikiwa imezima, halafu washa. Litaruka kama mbuzi, usiogope. Ila usisimame mpaka gereji."

"Gereji ipi?"

"Ninayofanyia kazi. Fungua mlango, tunakwenda wote."

Liliruka kama mbuzi kweli. Nyanya tatu zikapasukia kwenye ile suti, na walipofika gereji wote wawili walikuwa hoi kwa kicheko.

Gari hilo kijana alilirithi kwa mjomba wake, na liliwazidi umri wote wawili. Fundi alijilaza chini ya usukani, akachomoa waya wa zamani, akapitisha mpya kwenye tundu la ukuta wa bati unaotenga injini na dereva, akaufunga kwenye pedali. Mwenye gari, ambaye kazi yake ni kung'oa meno, alichuchumaa mlangoni akimsimulia habari za mgonjwa aliyemng'ata kidole, kisha akalia yule yule aliyeng'ata. Fundi alicheka mpaka ovaroli likanasa kwenye skrubu na kuchanika begani.

Baada ya hapo zikaanza simu.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula. Gari linasemaje?"

"Gari zima. Mgonjwa ni mwenye gari."

"Mgonjwa aende hospitali."

"Natamani waya ukatike tena nije."

"Thubutu!"

Miezi miwili baadaye ukakatika. Gari lilikuja linavutwa kwa kamba, asubuhi yenye wateja tele, na daktari alishuka kanyoa, ananukia, kavaa shati jipya la kijani. Fundi akautazama ule waya. Waya uliochoka hufumuka uzi mmoja mmoja, kama kamba kuukuu. Huu ulikuwa umekwanguliwa upande mmoja, chuma kinang'aa.

"Umeukata wewe."

"Mimi?"

"Kwa tupa. Ili upate sababu ya kuja. Na watu waseme kazi yangu haidumu miezi miwili! Unajua mwanamke akirudishiwa gari gereji wanamsema vipi?"

"Mpenzi, nisikilize kwanza..."

"Usiniite mpenzi mbele ya wateja! Mwongo mkubwa. Ondoa gari lako."

Mteja mmoja alizima redio yake ili asikie vizuri.

"Nilikuja na jambo la kukuuliza," daktari akasema polepole. "Basi, yaishe." Akafunga kamba mwenyewe. Fundo lilifunguka mara mbili, na hakuna aliyecheka.

Siku nane simu haikulia. Fundi akawa mkali kama pilipili, hadi mwenye gereji akaanza kuingilia mlango wa nyuma. Siku ya tisa akapigiwa na mama yake, mwanamke wa cherehani na maneno machache.

"Nimeshika ovaroli lako nilishone bega. Mfukoni kuna pete ya mpira, nyeusi. Niitupe?"

Fundi aliketi juu ya tairi.

"Usitupe, mama. Hiyo inakaa kwenye tundu la bati, ili bati lisile waya. Niliitoa kuisafisha. Sikuirudisha."

"Miaka tisa gereji?"

"Alikuwa ananichekesha."

"Na wewe ukamwita mwongo."

"Mbele ya watu."

"Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nenda ukachutame. Na uoge kwanza."

Kwa kuwa daktari hakupokea simu zake, fundi alivaa gauni la zambarau, akaenda kliniki, akapanga foleni kama wenye meno mabovu. Zamu yake ilipofika alilala kwenye kile kiti. Daktari aliingia na barakoa usoni, akamwona, akasimama.

"Jino lipi?"

"Siumwi jino. Nimekuja..."

"Anayelala hapo anafungua mdomo. Fungua."

Alifungua. Kioo kikaingia, na fundi, kwa ukaidi wake wote, akaomba msamaha hivyo hivyo, mdomo wazi. Zilitoka irabu tupu. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa kioo.

"Sasa rudia, na konsonanti."

Alirudia. Akamwekea ile pete kiganjani. "Kosa ni langu. Bati limekuwa likiukereza waya kila ukikanyaga. Gereji nzima nimeshawaambia."

"Nilidhani umetafuta njia ya kuniacha."

"Nilidhani umechezea jina langu."

"Nikate waya! Mimi hata sijui unapita wapi." Mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko. "Ila ningejua..."

"Usimalize."

Alasiri ile fundi alijilaza tena chini ya usukani, nyuma ya kliniki, na gauni lake la zambarau. Daktari alishika tochi.

"Lile jambo nililotaka kukuuliza..."

"Kimya."

"Nimengoja siku tisa!"

"Ngoja kidogo zaidi. Ukinisemesha nitasahau kitu."

Akakandamiza pete kwenye tundu, akaizungusha kwa kidole mpaka ikashika. Akapitisha waya mpya aliokuja nao, akakaza nati.

"Ingia. Kanyaga."

Pedali ikashuka laini, ikarudi.

"Tena. Tena."

Ndipo alipotoka, grisi shavuni, akaweka spana chini.

"Haya, uliza."

"Utakubali nikuoe?"

"Nakubali," fundi akasema. "Ila nikiwa kazini, marufuku kunichekesha."

"Kabisa?"

"Mpaka nikaze nati ya mwisho."