Udongo Aliokaanga Mzee Wilfred

Jumatano, tarehe 12 Machi 2025. Asubuhi hiyo manyunyu yalikuwa yakianguka Kibamba, na jua lilikuwa halijatoka.

Mzee Wilfred alichuchumaa mbele ya viriba vyake, vile vifuko vya kukuzia miche. Miche ya mpingo ilikuwa imenyauka tena. Huu ulikuwa mwaka wa tatu.

"Mke wangu," alisema polepole, "nimechonga mpingo miaka arobaini. Nimeomba nirudishe japo miti kumi. Mungu hataki miti yangu."

Yustina, mkewe, aliketi karibu naye. "Usimsemee Mungu, Baba Petro. Tumwombe, tena tuulize watu."

Wakamwita Jenipher, binti aliyepanga nyumba ya jirani. Kazi yake ni kutafiti udongo wa misitu.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Njoo utuonee msiba huu."

Jenipher alivaa glavu. Alichota udongo wa kiriba kwa kijiko safi, akautia kwenye kichupa. Yustina akanyoosha mkono amsaidie.

"Hapana, mama! Mkono wako utaacha vinasaba vyako humu."

"Vinasaba? DNA ile ya kutafuta baba wa mtoto?" Mzee Wilfred alicheka. "Kwani udongo umemkana mtoto?"

"Ndiyo hiyo hiyo, baba. Kila kiumbe ana vinasaba, na huviacha mahali anapoishi. Ndani ya udongo mna viumbe wadogo sana, macho hayawaoni. Maabara ikisoma vinasaba vyao, tunajua nani anaishi humu. Nitapima udongo huu, na ule wa msituni chini ya mpingo mkubwa."

Baada ya wiki sita Jenipher alirudi na majibu.

"Udongo wa msituni una mamia ya aina za viumbe. Wa kwako, baba, ni kama nyumba iliyohamwa. Uliufanya nini?"

Mzee aliinamisha kichwa. "Niliukaanga."

"Uliukaanga?"

"Kwenye sufuria yangu ya pilau," Yustina alisema. "Hadi leo tunatafuna mchanga."

"Sie wachongaji tunaogopa bungua, wadudu wanaotoboa mti," Mzee alijitetea. "Kinyago chenye bungua tunakipasha moto. Nikaona na udongo uwe hivyo."

"Moto uliua na marafiki, baba. Wapo bakteria wanaokaa kwenye mizizi ya mpingo, wanautengenezea mti chakula kutoka hewani. Wapo na kuvu, jamii ya uyoga, wanaousaidia kufyonza maji na virutubisho. Mche wako ulikuwa peke yake."

Mzee Wilfred alilengwa na machozi.

"Kumbe Mungu hajanikataa."

"Hajakukataa," Yustina alisema, akamshika mkono.

Alipanda mbegu nyingine. Safari hii hakukaanga kitu. Kwa ruhusa ya bwana misitu, alichukua ndoo moja ya udongo wa chini ya mpingo, akauchanganya na wa nyumbani. Yustina aliweka majani makavu juu ya viriba, badala ya kuyafagia na kuyachoma.

Jumamosi moja ya Desemba, jumuiya yao ya kanisani ilisali nyumbani kwao. Miche kumi na saba ilikuwa hai, tayari kupandwa. Baada ya sala Mzee Wilfred alisimama, mche mmoja mikononi.

"Ndugu zangu, mpingo unakua taratibu. Hii sitaiona ikikomaa. Lakini mbele ya Mungu na mbele yenu naahidi: nitaitunza kila siku nitakayojaliwa kuamka."